Chabu Anarudi kwenye Mtumbwi Wake

Kitwe, 11 Agosti 2024

Kwa Kambo Antoine, babu yangu mzaa baba na mume wangu wa utani,

Barua hii ikukute umerudi kutoka ziwani, si unaenda, maana ukiwa unaenda huna sikio. Mungu ni mwema, mimi mke wako mdogo niko mzima. Mke wako mkubwa, bibi yangu Kambo Marthe, asione wivu. Mwambie nimemwachia zamu zangu zote mpaka likizo. Baba na Mama walinipigia simu kutoka shambani Kafutuma, wanasema mihogo imekubali mwaka huu. Wewe nawe ningekupigia, lakini simu yako ingali chini ya ziwa ilikoangukia, na simu ya Dédé siitaki tena. Dédé anakuvutia nyavu vizuri, sikatai, ila ukimwambia jambo asubuhi, mchana linauzwa sokoni Kashikishi pamoja na samaki. Kwa hiyo barua nimempa Patson wa lori. Nimemwomba aiweke mbele kwenye kiti, mbali na mzigo.

Naandika Kiswahili kama ulivyoagiza. Kiingereza unasema kinakuumiza taya, na Kifaransa changu ni cha salamu tu.

Sasa jambo lenyewe. Huu ni mwaka wangu wa mwisho chuoni. Ili nipate diplome ya elimu ya samaki lazima nifanye utafiti wangu mwenyewe, na mimi nimechagua wale samaki makobo wa ziwa letu. Nitatoka na wavuvi, nitapima kila samaki anapotoka kwenye wavu, urefu na uzito, kisha nitampasua tumbo nione kama amewahi kutaga mayai. Ukingoja samaki afike nchi kavu umechelewa: wakubwa wamekwisha kugawanywa na wadogo wamekwisha kufichwa. Kazi ni ya Novemba, kwa sababu Desemba mosi serikali inafunga ziwa, hakuna kuvua mpaka Machi. Nahitaji mtumbwi. Nimewaza mtumbwi mmoja tu, na mwenyewe unamjua, ndiye unayemnyoa ndevu kila Jumapili.

Nisipopata mtumbwi, Daktari Kaoma, mwalimu anayenisimamia, atanipeleka kwenye vidimbwi vya nyuma ya chuo nikahesabu samaki waliokwisha kuhesabiwa na kila mtu. Na biro ya samaki ya Nchelenge, ile ofisi ya serikali, inatafuta msaidizi wa mwakani, mtu aliyekwisha kufanya kazi ziwani. Ninaitaka kazi hiyo, Kambo. Naitaka mpaka naiota.

Nasubiri jibu lako.

Mke wako asiyejua kupika,
Joëlle


Kabuta, 1 Septemba 2024

Mke wangu Joëlle,

Patson amenipa barua yako inanuka dagaa, kwa hiyo hakuiweka mbele. Lakini nimeisoma yote, tena kwa miwani ya Kambo Marthe, maana yangu imebaki na kioo kimoja.

Sisi tu wazima. Kambo Marthe aling'olewa jino, na tangu siku hiyo nyumba imetulia, namshukuru Mungu na daktari. Kiboko aliingia bustani ya Mulenga, yule mkubwa wa bandari yetu ya wavuvi, akala matembele yote. Mulenga alipopiga sufuria kumfukuza, kiboko akadhani anaitwa kula tena. Kwaya ya akina mama imenunua vitenge vya manjano na sasa wanaimba kwa sauti zaidi, sijui kwa nini.

Huyo huyo Mulenga ana kijana, fundi wa baiskeli, mwenye adabu sana. Aliuliza habari zako. Nikamwambia wewe ni mke wangu. Akasema basi atangoja nife. Nimempenda, ni kijana mvumilivu.

Mambo ya kupasua samaki, Kambo Marthe anasema hajawahi kukuona ukipasua hata mmoja kwa ajili ya chungu, anashangaa umejifunzia wapi. Mwalimu wako msalimie. Kula vizuri. Kuhusu lile jambo lako lingine, karatasi imekwisha.

Mume wako,
Antoine


Kitwe, 15 Septemba 2024

Kambo,

Salamu nyingi, na pole kwa Kambo Marthe kwa jino. Kwa Mulenga na kiboko sina pole, nimecheka tu.

Karatasi yako haikuwa imekwisha. Ilikuwa na nusu ukurasa mweupe kabisa. Nimeukata na kukurudishia, umo ndani ya bahasha hii. Unatosha neno “ndiyo”, na hata “hapana” inaingia.

Juzi Daktari Kaoma aliniita ofisini. Si mtu mbaya. Alinikalisha, akanipa chai, akasema wasichana wanafanya vizuri sana kwenye vidimbwi. Msichana wa mwisho aliyempeleka ziwani alikaa ufukweni mwezi mzima, hakuna mtumbwi uliompakia, akarudi na malaria bila samaki hata mmoja. Halafu akaongeza kwa upole kwamba mimi tena ni mtoto wa wakimbizi wa Congo, hajui wavuvi watanisikiliza vipi. Hata Chisomo, ninayekaa naye chumbani, alisema kazi za Wacongo ni kuimba na kushona nguo. Nikamwambia kushona sijui, na kuimba ananisikia kila asubuhi bafuni, basi kilichobaki ni samaki.

Nimemwambia Daktari babu yangu ana mtumbwi. Amenipa mpaka mwisho wa Oktoba. Nimejigamba kwa jina lako, Kambo, usiniaibishe.

Joëlle


Kabuta, 4 Oktoba 2024

Mke wangu mwenye haraka,

Nusu ya karatasi ilifika. Kambo Marthe amewashia moto kabla sijaitumia, usinilaumu.

Mvua haijaja na joto linatuchemsha. Mbuzi amezaa mapacha, nimewaita Pilato na Herode kwa sababu ya waliyoyafanya kwenye maharagwe. Mkristo mwenzetu mmoja amecheka, padri hajacheka.

Umetaka neno, haya. Mwanamke hapandi mtumbwi wa nyavu. Si mimi niliyeanza, nimeyakuta. Mwanamke akikanyaga wavu, samaki wanajua, wanahamia upande wa pili wa ziwa. Mwaka juzi dada wa Dédé aliruka wavu uliokuwa umeanikwa, akikimbiza kuku. Wiki nzima tulivuta maji matupu. Kuku naye hakumkamata. Nilimwuliza Mulenga kwa adabu, kana kwamba naulizia mtu mwingine, akanijibu: “Mwanamuke na bwato, muzee, ni mambo mbili. Usichanganye.” Dédé anasema siku utakayopanda wewe, yeye anashuka.

Na tena, samaki apimwe kwa nini? Awe mdogo awe mkubwa, sufuria haiulizi. Nyavu zetu za hapa ni nyavu tu, kama nyavu za watu wote. Sioni haja ya mtu wa chuo kuja kuziangalia moja moja.

Njoo Krismasi, nitakupeleka matembezi majini bila nyavu. Vidimbwi si vibaya, mke wangu. Vina maji.

Antoine


Kitwe, 12 Oktoba 2024

Kwa Mzee Antoine wa Kabuta,

Salamu. Mimi mzima. Huko wazima? Vizuri.

Nina swali moja la sayansi. Mwaka ule wa vita mlipokimbia Congo, mlivukaje ziwa? Umenisimulia mara nyingi mpaka naweza kukusimulia mimi. Mtumbwi ulikuwa mmoja, huo huo wako. Kambo Marthe alikaa mbele ameshika kuku, Mama katikati na mimba yake, Baba anapiga kasia huku analia. Nyavu mlizikalia, kwa sababu hukutaka kumwachia mtu nyavu zako. Na katikati ya safari ukatupa mmoja, ukavuta makobo mkubwa mkamla mlipofika ng'ambo. Sehemu hiyo huiachi kamwe. Sasa nieleze: wanawake wawili walikalia nyavu zako, na ile mimba ilikuwa mimi, kwa hiyo tulikuwa watatu. Mbona yule makobo hakukimbia? Au alikuwa bado hajasikia sheria?

Mimi nilipanda mtumbwi huo kabla sijazaliwa, Kambo. Sasa nimesoma, ndipo nakatazwa.

Nimelia, nakuambia wazi, halafu nimekasirika, na hasira imenisaidia zaidi. Kama ni Mulenga na Dédé wanaokataa, niambie. Kama ni wewe, niambie pia. Lakini usinijibu kwa habari za kuku. Patson ananiambia makobo anaowapakia Kabuta siku hizi wana urefu wa kidole. Sijui wanatoka kwenye wavu gani. Nauliza tu.

Wiki mbili zijazo Daktari Kaoma ataandika jina langu kwenye vidimbwi.

Joëlle


Kabuta, 25 Oktoba 2024

Leo sijui nikuiteje. Soma utaelewa.

Barua yako nilimsomea Kambo Marthe kwa sauti, na hilo lilikuwa kosa. Alicheka mpaka pengo la jino likaonekana, kisha hakunipikia. Siku ya pili akaniuliza: jina la kitovu la Joëlle ni nani?

Wewe shule imekusahaulisha. Huku kila mtoto anapewa jina la kitovu, jina la mzee aliyekufa ambaye tunasema amerudi ndani yake, siku kitovu kinapoanguka, na hakuna anayeangalia kama mtoto ni wa kiume au wa kike. Wewe ulipozaliwa ulikuwa unalia bila kupumzika. Tukakutajia wafu wetu mmoja baada ya mwingine, na tulipofika Chabu ukanyamaza. Chabu ni baba yangu mzazi. Mtumbwi ule aliuchonga yeye.

Kambo Marthe akavaa kitenge chake cha manjano, akaenda bandarini, akasimama mbali na nyavu kama inavyotakiwa, akawauliza wanaume: “Bwato ni ya nani?” Mulenga akasema ya Muzee Antoine. “Na mbele ya Antoine?” Akasema ya Chabu. “Chabu akirudia, mutamukatalia bwato yake?” Wakasema hapana, nani atathubutu. Akawaambia: “Basi, anakuya na lori ya Patson.” Akarudi nyumbani kupika.

Mulenga alikaa na jambo hilo kutwa nzima. Jioni akatoa hukumu kwamba sheria inamkataza mwanamke, haimkatazi Chabu. Dédé akauliza kama Chabu atavaa suruali. Nikasema atavaa. Akasema basi hashuki.

Kwa hiyo ukifika hapa mimi si mume wako tena. Mimi ni mwanao, na nitakuita Tata mbele ya watu wote. Nakuomba usizoee. Na wavu wa kutumia nitachagua mimi.

Mwanao,
Antoine


Kitwe, 30 Oktoba 2024

Mwanangu Antoine,

Patson anangoja mlangoni na injini inawaka, kwa hiyo nafupisha. Sisi wazima.

Kwanza nilikasirika. Nimesoma miaka minne ili nipande mtumbwi kama Joëlle, na nyinyi mnanipakia kama marehemu. Chisomo amecheka mpaka ameteleza kitandani. Lakini ziwa linafungwa Desemba, na vichwa vyenu havitafunguka kabla ya hapo, basi nakuja. Daktari Kaoma nimemwambia nimepata mtumbwi. Hakuuliza nimeupataje, na mimi sikumfundisha.

Mwambie Kambo Marthe angefaa kuwa profesa.

Neno moja tu, mwanangu. Ubaba huu umenipa mwenyewe. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Tata,
Chabu


Kabuta, 12 Desemba 2024

Kwa Tata Chabu, au Joëlle, au yeyote atakayefungua bahasha,

Natumaini ulifika salama na zile chupa zako za matumbo ya samaki, na kwamba abiria wenzako hawakukushusha njiani. Ziwa limefungwa, tunakaa tu. Herode amekula kofia yangu ya kanisani. Patson sasa anabeba mihogo, kwa hiyo barua zitachelewa.

Kuhusu yaliyotokea ndani ya mtumbwi asubuhi ile, sitaandika. Ujue tu kwamba mimi ni mtu mzima wa miaka sabini, nina wajukuu, ni mzee wa kanisa, na Dédé amelisimulia soko zima. Wanawake wanaouza dagaa wakiniona wananiuliza kama Tata ameniruhusu kutembea. Hata mvumilivu yule wa baiskeli alicheka, nami nimefuta uchumba wake.

Sasa sema wewe. Baba mzazi anamfanyia mwanawe hivyo?

Sina zaidi. Krismasi njema.

Antoine


Kitwe, 5 Januari 2025

Kambo mpendwa,

Leo nimeuvua ubaba, nakuandikia kama mjukuu. Heri ya mwaka mpya kwako na kwa Kambo Marthe. Krismasi nilikula wali na Chisomo, tukaimba, majirani wakagonga ukuta.

Wewe hutaki kuandika ya mtumbwi, basi nitaandika mimi, maana nimesikia Dédé ameongeza viboko wawili na dhoruba. Dhoruba haikuwepo. Siku za kwanza zilikwenda vizuri. Mlinikalisha nyuma, mbali na kamba, na Dédé akawa ananipa samaki kwa ncha za vidole kana kwamba nitamng'ata. Niliwapima. Walikuwa wachache lakini wakubwa, na wewe ukajisifu mpaka tulipofika ufukweni. Nami nikawa najiuliza Patson aliwaona wapi wale wa urefu wa kidole.

Ndipo asubuhi ile mgongo ukakushika. Dédé akavuta peke yake, akajisahau, akavuta na kamba ya pili iliyokuwa imefichwa kwenye matete. Ukatoka ule wavu wenu mwingine, ule uliokatazwa na serikali. Kidole changu cha mwisho hakipiti kwenye macho yake. Ulijaa watoto wa makobo, na wote wawili mkaanza kutazama mawingu.

Niliogopa, Kambo. Kama Joëlle nisingesema neno. Mjukuu wa kike hamwaibishi babu yake mbele ya mtu anayemfanyia kazi. Lakini mlinipandisha kama nani? Nikakuita kwa jina lako tupu, ambalo hakuna mtu bandarini anayethubutu kukuita.

“Antoine. Huu wavu ni ya nani?”

Na wewe, mzee wa kanisa, ukajibu: “Tata, ni ya Dédé.”

Dédé alisimama mpaka mtumbwi ukayumba, akaapa kwamba yeye duniani hana hata ndoano. Nikasema: “Toa mu bwato yangu.” Ukataka kuutupa majini. Nikakataa, kwa sababu ukizama utaendelea kuvua bila mwenyewe. Ukaukunja polepole, ukaubeba mapajani mpaka ufukweni, na hukunitazama. Siku ile nilitaka kucheka na nilitaka kukuomba radhi, vyote pamoja. Sikufanya hata kimoja.

Sasa nikuambie ambalo hukuliuliza. Wale wadogo nao niliwapima, nikawapasua wote. Karibu wote walikuwa hawajawahi kutaga hata mara moja. Utafiti wangu wote umesimama juu yao. Ule wavu usingetoka, ningerudi hapa na wakubwa wenu wachache na ningeandika uongo bila kujua. Kambo, mnakula mbegu. Ukila mbegu ya mahindi unajua mwaka ujao utalala njaa, na samaki ni hivyo hivyo.

Jina la mtumbwi sikuliandika popote. Ningeweza kuandika, na sikutaka.

Mjukuu wako anayekupenda,
Joëlle


Kabuta, 26 Januari 2025

Joëlle,

Mvua ni nyingi. Kambo Marthe ana jino lingine linalomsumbua, tunaomba lisitoke haraka.

Wavu uliouandika siujui. Hata hivyo umepotea. Na wa Mulenga umepotea wiki hiyo hiyo, ambao naye haujui. Usiulize.

Lile neno la mbegu limenikaa kifuani. Nimelisema kanisani kana kwamba ni langu.

Walimu wako wamesemaje?

Antoine


Kitwe, 10 Februari 2025

Kambo Antoine,

Natumaini jino la Kambo Marthe limetulia, na kwamba mihogo haitaichelewesha barua hii, kwa sababu ina haraka.

Nimeutetea utafiti wangu. Walikaa watatu mbele yangu. Daktari Kaoma alianza kwa kuuliza nilipataje mtumbwi, nikaeleza jina la kitovu, suruali na yote. Wakacheka sana wale wawili wanaume, nami nikacheka nao kwa adabu huku moyo unauma, maana dakika zilikuwa zinakwisha na samaki wangu walikuwa bado mezani. Wa tatu ni mama mmoja kutoka Lusaka, Daktari Thandiwe. Yeye hakucheka. Alingoja wamalize, akaniuliza habari za mayai. Kisha habari za macho ya nyavu. Kisha kwa nini niliamini hesabu zangu. Maswali magumu, Kambo, jasho lilinitoka mpaka kwenye magoti, na nilifurahi hadi machozi yakanilenga. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniuliza samaki bila kuuliza suruali.

Nimefaulu. Daktari Kaoma amenishika mkono, akasema mwakani atapeleka wasichana wawili ziwani. Halafu akaniuliza kimyakimya kama naweza kuwatafutia majina ya kitovu.

Na biro ya Nchelenge imenichukua, ila kwa majaribio. Ziwa likifunguliwa Machi mosi naanza, lakini si Kabuta. Ni Chienge. Wamenieleza bila ubaya kwamba mitumbwi ya huko ikikataa kunipakia, watamwita kijana anayenifuata kwenye orodha, kwa sababu kazi lazima ifanyike.

Chienge hakuna anayemjua Chabu. Huko nitakuwa na jina moja tu, na sijawahi kulijaribu ndani ya mtumbwi. Naogopa sana, Kambo. Usimwambie Dédé.

Joëlle


Kabuta, 26 Februari 2025

Joëlle,

Barua yako ilikaa njiani na mihogo, nimeipata wiki iliyopita. Kambo Marthe alipiga vigelegele mpaka Pilato na Herode wakakata kamba, na mpaka sasa Herode hatujamwona. Baba yako ametangaza kanisani Kafutuma kwamba wewe ni daktari. Nimempelekea neno kwamba bado, akasema neno limekwisha kutoka na sadaka imekwisha kutolewa.

Jana nimerudi kutoka Chienge. Ndiyo, nilikwenda, usianze. Mgongo umenishitaki njia nzima. Niliwakuta wenye mitumbwi wanashona nyavu kwa ajili ya Machi, nikakaa nao, nikawasaidia kushona, tukaulizana habari za wazima na za wafu. Wengine nyumbani wanaongea Kibemba, lakini biashara ya samaki imewafundisha Kiswahili cha kutosha. Hotuba yangu nilikuwa nimeiandaa tangu Kabuta: kitovu, Chabu, mwenye mtumbwi, yote. Anayesikilizwa pale ni mzee mmoja, Musonda. Akaniuliza: “Uyu mutu wa biro anakuya, ni nani?”

Nikafungua mdomo nimtoe Chabu, akakataa kutoka. Nilichokiona mimi ni wewe umekaa nyuma ya mtumbwi, magamba mpaka kwenye nyusi, umeshika kitoto cha makobo na kukiweka kwenye mizani taratibu, kama mama wa kliniki anavyopima mtoto wa mtu. Baba yangu Mungu amlaze pema. Alikuwa mvuvi mkubwa, na hakuwahi kupima samaki hata mmoja. Kazi ile niliyoiona haikuwa yake. Nikawaambia:

“Ni mujukulu yangu. Ni mwanamuke. Jina yake Joëlle. Anajua samaki kupita miye.”

Kijana mmoja akaanza yale mambo ya mwanamke na nyavu, ninayoyajua kuliko yeye, na Musonda akamwonyesha mkono anyamaze. Akashona kidogo. Akaniuliza kama unaogopa mawimbi. Nikasema huogopi. Akauliza kama una maneno mengi. Kwa hilo sikuweza kudanganya, nikasema ndiyo, mengi sana, na kwamba mengi yake ni kweli, ndiyo shida yake. Akacheka. Akasema mtumbwi wake una nafasi.

Barua hii Patson ataiacha biro ya Nchelenge, uikute ukipita kwenda Chienge. Jumamosi, Machi mosi, kabla jua halijatoka. Vaa unachotaka. Nilikaa Kabuta miezi mitatu nikikuzungusha, nisamehe kwa hilo, lakini Chienge usinitie aibu: hawa watu wakifika majini hawamngojei mtu yeyote.

Kambo yako,
Antoine